Uongozi bila cheo katika kampuni changa ya afya ya akili: yapi yanahamishika?

Mwanafunzi wa Saikolojia aliuliza:

Heshima kwenu wanajukwaa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa saikolojia, na mafunzo yangu kwa vitendo niliyafanyia katika kampuni changa inayotoa huduma za afya ya akili kupitia programu ya simu. Programu hiyo humwuliza mtumiaji hali yake, humpa mazoezi mafupi ya kupumua, ya kupanga siku na ya kuandika mawazo yanayomsumbua, na anayetaka kuzungumza na binadamu huunganishwa na msikilizaji aliyefunzwa, ambaye naye yuko chini ya mwanasaikolojia. Nilipangwa katika timu ya wasikilizaji, ambako kazi yangu ilikuwa kuandaa ratiba ya zamu, kukusanya maoni ya watumiaji na kuyaandikia muhtasari wa kila wiki kwa ajili ya viongozi.

Sasa nimeombwa kuongoza kundi la wanafunzi wenzangu wa kujitolea watakaowasikiliza wanafunzi wengine kwa ujumbe wa simu, na naomba ushauri wa waliowahi kubeba kazi ya namna hii. Yapo mambo kuhusu uongozi ambayo niliyashuhudia kule na nayaamini kabisa, lakini niliyaona yakifanya kazi mahali palipokuwa na mwanasaikolojia wa zamu, mwanasheria wa kushauri na fedha za kuwalipa watu. Kundi letu halina hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana nauliza: yapi yanahamishika, na yapi yakihamishwa bila wataalamu yanageuka kuwa hatari kwa wale tunaotaka kuwasaidia?

Niwaeleze niliyoyaona. Kampuni iliamua kutumia dodoso la PHQ-9, lile lenye maswali tisa ambalo Kroenke, Spitzer na Williams walilichapisha mwaka 2001, ambalo jumla ya alama zake huanzia 0 hadi 27, na ambalo mtu mwenye alama 10 na kuendelea huhesabiwa kuwa anahitaji kuchunguzwa zaidi kuhusu sonona. Swali la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kuona heri kufa au ya kujidhuru. Kabla dodoso halijawekwa kwenye programu, mkuu wa huduma za ushauri aliitisha kikao akauliza: mtu akijibu “karibu kila siku” katika swali hilo saa nane usiku, simu ya nani italia? Wahandisi walieleza kwamba mfumo utamwonyesha papo hapo namba ya dharura. Alikubali, kisha akauliza tena: na nani atafuatilia kujua kama mtu huyo alipata msaada, na jina la huyo mfuatiliaji limeandikwa wapi? Kikao hakikufungwa hadi kila zamu ilipopata jina la mtu, pamoja na jina la pili endapo wa kwanza hatapatikana, na uzinduzi ukaahirishwa mpaka ratiba hiyo ikamilike, ingawa tangazo lilikuwa limeshaandaliwa. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa kwamba sehemu kubwa ya uongozi katika kazi hii ni kuhakikisha hakuna swali linalogusa maumivu ya mtu ambalo halina mwenye kulijibu.

Jambo la pili lilihusu ujumbe mfupi tu wa kuwakumbusha watumiaji. Programu za aina hii huachwa mapema mno: utafiti wa Amit Baumel na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa programu ya wastani kati ya zile walizozichunguza, ni takriban asilimia 3.3 tu ya watumiaji walioendelea kuifungua ilipofika siku ya 30. Kwa hiyo timu ya bidhaa ilikuwa na sababu ya msingi ya kutunga ujumbe uliosomeka: “Hujaingia kwa siku nne. Usivunje mfululizo wako!” Nilipokuwa nikipanga maoni ya wiki, nilikuta watumiaji kadhaa wakisema kwa maneno tofauti jambo lilelile, kwamba siku ambazo hata kuoga kumewashinda, ujumbe ule huwathibitishia kuwa wameshindwa na hili pia. Mkurugenzi alikuwa na desturi ya kumwacha mwenye cheo kidogo kuliko wote aanze kuzungumza na yeye mwenyewe kuzungumza mwisho, kwa hiyo niliyasoma maoni yale kabla ya mtu yeyote mkubwa kutoa msimamo wake. Nina hakika kwamba kama angeanza yeye kuusifia ujumbe ule, nisingefungua kinywa. Baada ya majadiliano marefu uliandikwa upya: “Tupo ukituhitaji. Huna deni lolote hapa,” na chini yake pakawekwa kitufe cha kuzima vikumbusho kabisa. Hakuna aliyeahidi kwamba idadi ya wanaoingia itapanda, na mkurugenzi alisema mbele ya wote kwamba ikishuka, atawaeleza wawekezaji yeye mwenyewe.

La tatu nitalisema kwa ufupi: kila wiki ilikuwepo saa moja ya usimamizi ambapo wasikilizaji walizungumza na mwanasaikolojia kuhusu mazungumzo yaliyowaelemea, na saa hiyo haikuwahi kufutwa kwa kisingizio cha kazi nyingi. Wiki ngumu ndizo zilizokuwa zikilindwa zaidi.

Wenzangu katika kundi jipya wana ari kubwa sana, na naiheshimu. Wanataka tuwe wazi saa 24, wanataka tuwape wanafunzi dodoso kama lile ili “tujue hali halisi”, na wapo wanaopendekeza programu ya akili mnemba iwajibu watu wakati sisi tumelala. Ninaona hatari katika yote matatu, lakini sijui namna ya kukataa bila kuivunja ari hiyo, na sijui kama ninachokiona ni hatari kweli au ni woga wangu. Naomba mnisaidie.


Msimamizi wa Washauri alijibu:

Asante kwa swali lililofikiriwa vizuri. Nimesimamia washauri nasaha na wasikilizaji wa kujitolea kwa muda mrefu, na nianze na kile ambacho nadhani ndicho kiini chake: usiiige huduma ya kampuni, iga nidhamu yake. Ukiiga huduma bila watu walioibeba, utabaki na mlango wenye kibao kizuri na ndani hamna mtu. Nidhamu, kwa upande mwingine, haihitaji fedha. Kuandika jina la mwenye jukumu katika kila zamu hakugharimu chochote, na hali kadhalika kumwacha mdogo aseme kwanza.

Kuhusu dodoso, jibu langu ni hapana, na ningependa uwaeleze wenzako sababu badala ya kuwapa katazo. PHQ-9 ni chombo kizuri kwa sababu kinampa mtaalamu mahali pa kuanzia, lakini alama peke yake si utambuzi wa ugonjwa, na mwanafunzi anayeambiwa kwa ujumbe wa simu kwamba amepata alama 19 bila mtu wa kukaa naye na kumweleza maana yake ameongezewa mzigo. Zaidi ya hapo, mkishalipokea jibu la swali la tisa, mnakuwa mnajua. Mkijua mnawajibika, na kundi lisilo na mtaalamu halina njia ya kuubeba wajibu huo ipasavyo. Msilikusanye jibu ambalo hamwezi kulifanyia kazi.

Hii haina maana kwamba wasikilizaji wako walikwepe suala la kujiua pale mtu anapoligusa. Wafundishe kuuliza moja kwa moja, kwa upole na kwa maneno ya wazi, kwa kuwa kumwuliza mtu kama ana mawazo ya kujiua hakumpandikizii mawazo hayo. Mara nyingi humpa nafuu ya kujua kwamba kuna mtu asiyeogopa kulisikia jibu. Kisha wafundishe kwamba hatua inayofuata si yao. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia ambao Shirika la Afya Duniani lilichapisha pamoja na washirika wake mwaka 2011 umejengwa juu ya vitendo vitatu, yaani kuangalia, kusikiliza na kuunganisha, na kwa kundi lenu hicho cha tatu ndicho kitakachoamua kama mnasaidia au mnahatarisha. Kabla ya kupokea ujumbe wa kwanza, mtafuteni mshauri nasaha mmoja mwenye sifa aliyekubali kwa maandishi kuwasimamia, na muandike mtu anapelekwa kwake kwa njia gani, saa ngapi, na nani anafuatilia kuhakikisha kwamba alifika. Msipompata, ahirisheni uzinduzi kama kampuni yako ilivyofanya.

Jambo jingine ambalo viongozi vijana hulisahau ni mipaka ya siri. Wasikilizaji hupenda kusema “chochote utakachoniambia kitabaki kati yetu,” kwa nia njema kabisa, na siku maisha ya mtu yanapokuwa hatarini hujikuta wameahidi wasichoweza kukitimiza. Ujumbe wa kwanza kabisa anaoupokea mwanafunzi utamke wazi kwamba nyinyi si washauri wa kitaalamu, kwamba mnapatikana saa fulani tu, na kwamba mtamhusisha msimamizi pale mtu anapokuwa katika hatari. Wengine watasita kuendelea baada ya kuusoma, na hiyo ni haki yao.

Umeuliza namna ya kukataa bila kuvunja ari. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza timu za hospitali katika miaka ya 1990, alitarajia kwamba timu zinazofanya kazi vizuri zaidi zingeonekana na makosa machache ya dawa, lakini takwimu zilimwonyesha kinyume chake, kwamba timu hizo ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kuyasema, na kutokana na kazi hiyo akachapisha mwaka 1999 utafiti wake kuhusu usalama wa kisaikolojia katika timu. Nakukumbusha hili kwa sababu kiongozi anayesema “hapana” kwa ukali hupata utulivu wa uongo: wenzako wataacha kupendekeza, halafu wataacha pia kukuambia kwamba jana usiku mmoja wao alimjibu mtu peke yake kwa namba yake binafsi. Kwa hiyo kila pendekezo lijibuni pamoja kwa swali lile la kiongozi wako: likiharibika saa nane usiku, simu ya nani italia? Waache walitafutie jibu wenyewe. Wengi wataona ukingo wenyewe bila wewe kuwaonyesha.

Na kuhusu woga wako, sidhani kama ni woga. Umekaa mahali ambapo tahadhari ilikuwa sehemu ya kazi, na unaijua sura yake.


Mhandisi wa Mifumo alijibu:

Naungana na aliyetangulia, nami nizungumzie upande ninaoufahamu, yaani mifumo na data, kwa sababu kiongozi wa huduma ya namna hii hata akiwa mwanasaikolojia hawezi kuuachia upande huo watu wengine.

Kwanza, hilo la akili mnemba. Wanadamu huifungulia mashine mioyo yao kwa urahisi wa ajabu. Joseph Weizenbaum alipotengeneza programu ya mazungumzo ya ELIZA katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1966, programu iliyofanya kazi kwa kuyageuza tu maneno ya mtu kuwa maswali, katibu wake mwenyewe, ambaye alijua fika kwamba ni programu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo kwa faragha. Sijawahi kuusoma mfano huo kama kichekesho. Naona ndani yake kiasi cha imani ambacho mtu mwenye uchungu yuko tayari kukitoa. Mwaka 2023 shirika la Marekani linalohusika na matatizo ya ulaji, National Eating Disorders Association, liliiondoa programu yake ya mazungumzo iliyoitwa Tessa baada ya watumiaji kulalamika kwamba iliwashauri njia za kupunguza uzito, tena watu waliokuja kutafuta msaada kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Hilo ni shirika lenye wataalamu wa fani hiyo. Kundi la wanafunzi lisilo na mtu wa kuyasoma majibu ya mashine kabla hayajamfikia mtu halipaswi kuianzisha.

Pili, data. Mwaka 2020 ulimwengu ulisikia kuhusu Vastaamo, mtandao wa vituo vya tiba ya kisaikolojia nchini Ufini, ambao kumbukumbu za wateja wake ziliibwa na mdukuzi aliyeanza kuidai kampuni fedha, kisha akawageukia wagonjwa mmoja mmoja akiwatishia kuyaanika waliyoyasema faraghani. Makumi ya maelfu ya watu waliguswa, na mwaka uliofuata kampuni ilifilisika. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliituhumu BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha wa mtandaoni, kwa kuzipa kampuni kama Facebook na Snapchat taarifa za watumiaji kwa ajili ya matangazo ilhali ilikuwa imewaahidi faragha, na mwaka 2023 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 7.8. Matukio haya mawili hayafanani, kwa kuwa moja ni wizi na jingine lilitokana na uamuzi wa kibiashara, lakini ninapofundisha wahandisi wapya huyaweka pamoja kwa sababu yote mawili yanarudi kwenye swali ambalo kiongozi alipaswa kuliuliza mapema: kwa nini tunayo taarifa hii, na nani anaweza kuifikia?

Kwa kundi lenu ningeshauri hivi. Msitumie namba binafsi za wasikilizaji. Tumieni namba moja ya kundi inayokabidhiwa zamu kwa zamu, ambayo neno lake la siri hubadilishwa msikilizaji anapoondoka. Msipige picha za skrini za mazungumzo, na hasa msizipeleke kwenye kundi la mtandaoni kuomba ushauri, hata kama mmefuta jina, kwa kuwa chuoni watu hutambuana kwa jambo dogo tu. Katika makabidhiano ya zamu andikeni yale yanayomsaidia anayepokea kuendelea, basi. Mazungumzo yaliyokwisha yafuteni baada ya muda mtakaokubaliana na msimamizi wenu, na mtu anayewaandikia ajue muda huo tangu mwanzo. Mwenzenu akisema data hizo zitafaa kwa utafiti baadaye, mwambieni utafiti una taratibu zake za ridhaa na kibali, nao hauanzi kwa kuhifadhi siri za watu kwanza.

Jambo la mwisho ni kufunga. Programu ya Woebot, iliyozungumza na watu kuhusu afya ya akili, iliyoanza mwaka 2017 na kujulikana sana katika uwanja huu, ilifungwa tarehe 30 Juni 2025. Huduma hufungwa, na hiyo si aibu, lakini mtu aliyezoea kuandikia mahali fulani kila anapozidiwa anastahili kuambiwa mapema na kuonyeshwa pengine pa kwenda. Kundi lenu litafunga kila likizo na pengine kila msimu wa mitihani, wakati ambao wanafunzi huelemewa zaidi. Pangeni kufunga kabla ya kufungua.


Mwanafunzi Mwenzio alijibu:

Nimesoma majibu yote kwa heshima, na mengi nakubaliana nayo, lakini lipo moja ninaloona linapitwa haraka. Nilikuwa msikilizaji wa kujitolea katika kundi linalofanana na hilo mnaloliunda, na wanaoandika usiku wa manane ndio waliokuwa na hali ngumu zaidi. Mchana mtu ana wenzake na ana vipindi. Saa saba usiku amebaki peke yake na mawazo yake. Tukisema tunapatikana jioni tu, je, hatutakuwa tumechagua saa zinazotufaa sisi na kuwaacha wale tuliosema tunawajali? Siulizi ili kubishana. Nauliza kwa sababu wenzako watakuuliza hivihivi, na kiongozi anayejibu kwamba “hatuna uwezo” bila kuwaambia huyo mtu wa saa saba usiku afanye nini atapoteza imani yao.

Nikuombe pia jambo moja kuhusu wewe mwenyewe. Katika makundi haya kiongozi huwa ndiye anayefunika kila zamu iliyokosa mtu, na kwa kuwa anaifanya kimya kimya hakuna anayejua kwamba ratiba haitoshi. Zamu ikikosa mtu, ifungeni na mtangaze kwamba imefungwa.


Msimamizi wa Washauri alijibu:

Ndugu yangu, umelisema vizuri na nalikubali swali lako. Mtu wa saa saba usiku ndiye hasa ninayemfikiria ninaposema msifungue saa hizo. Msikilizaji wa kujitolea anayejibu akiwa nusu usingizini, na ambaye msimamizi wake hapatikani hadi asubuhi, anamshikilia mtu huyo katika mazungumzo wakati angekuwa tayari amempata aliyeandaliwa kwa saa hiyo. Lakini haitoshi kuweka namba ya dharura kwenye ujumbe unaojituma wenyewe na kulala. Ipigeni nyinyi namba hiyo kabla hamjaitangaza, usiku, mjue kama inapokelewa, kwa lugha gani, na kama inalipiwa. Ulizeni chuo chenu ni nani anayepokea simu ya mwanafunzi aliye hatarini nje ya saa za kazi, na kama jibu ni kwamba hakuna, basi pengine kazi yenu ya kwanza kama kundi ni kulipigania hilo mbele ya uongozi wa chuo. Ni uongozi pia, na huenda ukawafikia wengi zaidi kuliko zamu za usiku ambazo zingewachosha wasikilizaji wenu kabla ya muhula kwisha.

Hapo pia ndipo ari ya wenzako inapopata kazi ya kufanya. Wape waliotaka huduma ya saa 24 jukumu la kuzipiga namba hizo, kuandika walichokikuta na kulipeleka suala kwa mlezi wa wanafunzi. Waliotaka dodoso waandae orodha iliyohakikiwa ya mahali pa kupata msaada. Mtu aliyetamani kusaidia hakati tamaa kwa kuambiwa hapana. Hukata tamaa anapoambiwa hapana kisha akaachwa amekaa.


Mwanafunzi wa Saikolojia alijibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimewasomea wenzangu majibu haya katika kikao, nikaanza na yule aliyejiunga karibuni kuliko wote, na mjadala ulikuwa mrefu na wa wazi kuliko vikao vilivyotangulia.

Tumekubaliana kuacha dodoso na kuacha programu ya akili mnemba. Hilo la pili halikupita kwa urahisi, kwa kuwa mmoja wetu anaisomea fani hiyo na alihoji kwa haki kwamba teknolojia hubadilika haraka. Tulichokubaliana ni kwamba hata ikibadilika, hatuna mtu wa kuyasoma majibu yake, na mpaka tumpate hatuna la kujadili. Yeye amechukua jukumu la namba moja ya kundi, neno lake la siri na utaratibu wa kufuta mazungumzo.

Uzinduzi umeahirishwa. Mshauri nasaha wa chuo amekubali kutusimamia kwa saa moja kila wiki, lakini ametaka kwanza kuona kwa maandishi mtu aliye hatarini atapelekwaje kwake na atafuatiliwa na nani, jambo ambalo lilinipa faraja, kwa kuwa anauliza kile ambacho nami ningeuliza. Wawili kati yetu wanazipiga namba za dharura wiki hii, zikiwemo nyakati za usiku. Moja iliita bila kupokelewa kila walipojaribu, na ilikuwa imebandikwa kwenye mbao za matangazo za mabweni. Tumeshamwandikia mlezi wa wanafunzi kuomba iondolewe mara moja na iwekwe inayofanya kazi.

Limebaki suala la msimu wa mitihani, ambalo Mhandisi ameligusa. Rasimu yetu inasema tufunge wiki moja kabla ya mitihani kuanza, tuwaarifu wanafunzi wiki tatu kabla ya kufunga, na kila anayetuandikia katika wiki hizo tatu aulizwe kama angependa kuunganishwa na ofisi ya ushauri kabla hatujafunga. Wiki tatu zinatosha? Na kwa wale wanaotuandikia mara kwa mara, ni busara kuwaarifu kwa ujumbe wa jumla, au kila mmoja aambiwe na msikilizaji aliyemzoea?


Msimamizi wa Washauri alijibu:

Wiki tatu zinatosha kwa wengi. Kwa wale wa mara kwa mara, waambiwe na msikilizaji waliyemzoea, tena mapema zaidi, na waambiwe zaidi ya mara moja, kwa sababu mtu aliyeelemewa huenda asiishike taarifa kwa mara ya kwanza. Msikilizaji asiishie kumtajia ofisi. Amwombe ruhusa ya kumpangia miadi, na baada ya siku ya miadi aulize kama alikwenda. Kabla ya kuwaaga, wasikilizaji wenyewe wazungumze na msimamizi wao, maana wapo watakaotaka kuendelea kuwajibu watu hao kwa namba zao binafsi wakati wa mitihani, na ni afadhali walitamke hilo mapema katika saa ya usimamizi.

Rasimu ya utaratibu wa kumpeleka mtu kwa mshauri ikiwa tayari, ilete hapa bila majina, tuipitie pamoja kabla hujaikabidhi.